Mgonjwa yuko 99, mbona haamki?

Maswali ya wasomaji: oksijeni kwa wagonjwa watu wazima

SWALI: Niko wodi ya wanaume. Tulipokea mzee wa miaka 68, mvutaji sigara wa siku nyingi, kifua kimembana, oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni katika damu) inasoma 81. Tukamwekea barakoa kwa lita 10 kwa dakika, akapanda hadi 99, tukashusha pumzi. Saa mbili baadaye anasinzia, ukimwita haitikii vizuri. Mwenzangu akasema oksijeni ndiyo inayomlaza, akaichomoa kabisa. Nani alikosea? (Muuguzi, Tanga)

JIBU: Kumpa oksijeni hamkukosea. Kosa la kwanza lilikuwa kumwacha akae kwenye 99. La pili, nalo ndilo linaloua haraka zaidi, ni kuichomoa ghafla.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, sehemu za pafu zilizoharibika hazipati hewa ya kutosha, na mwili huibana mishipa ya damu ya sehemu hizo ili damu iende kule pafu linakofanya kazi. Oksijeni ikizidi, mishipa ile hulegea, damu hurudi kupita mahali pasipo na hewa, na kaboni dayoksaidi hubaki mwilini. Tena himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyojaa oksijeni haiwezi kubeba kaboni dayoksaidi kama kawaida. Lile somo la chuoni kwamba mgonjwa “anasahau kupumua” lina ukweli wake, lakini peke yake halitoshi kueleza yaliyompata mzee. Dalili zenyewe ni kichwa kuuma, mikono ya moto, mapigo yanayogonga kwa nguvu, viganja vinavyopepea akinyoosha mikono, kisha usingizi. Oksimita haioni lolote kati ya hayo, maana haipimi kaboni dayoksaidi.

Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza huweka lengo la 94 hadi 98 kwa watu wazima wengi, na 88 hadi 92 kwa walio katika hatari ya kujaa kaboni dayoksaidi. Hao ni wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unene uliokithiri, kibiongo kikubwa kinachobana kifua, udhaifu wa misuli ya kupumulia, na wale ambao kifua kikuu cha zamani kimewaachia makovu makubwa mapafuni. Hili la mwisho lisikupite, kwa kuwa wodi zetu zinao wengi na faili haisemi.

Mzee kama huyo mwanzie valvu ya Venturi (huchanganya oksijeni na hewa kwa kiwango maalumu) ya asilimia 28 kwa lita 4, au kanula ya puani kwa lita 1 hadi 2. Mtazame tena baada ya dakika tano. Akivuka 92, punguza. Akibaki chini ya 88, ongeza ngazi moja. Kama kuna kipimo cha gesi za damu, kifanyike ndani ya dakika 30 hadi 60. Lakini mgonjwa aliye mahututi, anayekaribia kukata roho, usimpimie kijiko kwa kijiko hata kama ni mvutaji sigara: mpe barakoa ya mfuko (yenye mfuko wa akiba ya oksijeni) kwa lita 15, kisha ushuke akitulia.

Ukimkuta amelala usingizi ule, shusha hadi Venturi ya 28 au kanula ya lita 1 hadi 2, ukilenga 88 hadi 92, na daktari aitwe palepale, kwani huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa. Akipumua kwa shida au kuacha kupumua, msaidie kwa ambu, mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono. Usichomoe. Akiba ya oksijeni mwilini ni ndogo, huisha kwa dakika chache, ilhali kaboni dayoksaidi iliyolundikana huchukua muda mrefu kutoka na huendelea kujaza nafasi ndani ya pafu. Mgonjwa aliyefika na 81 anaweza kuporomoka chini kuliko alivyokuja.

Kwenye chati andikeni lengo, si lita pekee. “Oksijeni lita 5” haimwambii wa zamu ya usiku aongeze lini wala apunguze lini.

SWALI: Tunasafirisha mgonjwa wa rufaa, mwendo wa saa moja na nusu. Nitajuaje kama mtungi utafika? (Tabibu wa kituo cha afya, Mbeya)

JIBU: Tafuta ujazo wa maji wa mtungi, uliogongwa kwenye chuma cha shingo, kisha uzidishe kwa presha ya geji kwa bar (kizio cha presha). Mtungi wa lita 10 wenye bar 60 una lita 600 za oksijeni. Kwa lita 10 kwa dakika unakupa saa moja, kwa hiyo kwa safari yako haufai. Ule mkubwa wa lita 40 wenye bar 120 una lita 4,800. Kwa lita 8 kwa dakika ni saa kumi. Geji ikisoma psi (kizio kingine cha presha), gawanya kwa 14.5 upate bar.

Sisi tungebeba mara mbili ya hesabu. Pancha haitoi taarifa.

Kabla ya kuondoka, funga mita ya mtiririko, fungua valvu ya mtungi polepole, soma geji, kisha funga valvu na usubiri dakika chache. Sindano ikishuka, kuna mvujo kwenye kiungo. Mara nyingi ni washa (kipete cha kuzibia kiungo) iliyochakaa au haipo. Usiukaze kwa nguvu za spana ukidhani utapona, badilisha washa. Na hapo ndipo watu hufanya la hatari: uzi umekaza, mtu anapaka grisi au mafuta ya kupikia. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha huwaka yenyewe. Hata mikono yenye losheni ioshwe kwanza. Kufungua kwa kishindo nako hupasha joto ndani ya regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi), ndiyo maana tunasema polepole.

Mtungi ufungwe kwa mkanda ndani ya gari. Ukianguka na valvu ikavunjika, huruka kama kombora.

SWALI: Barakoa ya mfuko tunaiweka lita 5 ili kuokoa oksijeni. Ni sawa? (Muuguzi, Kisumu)

JIBU: Hapana. Mfuko utanywea na mgonjwa atavuta hewa yake mwenyewe. Kiwango ni lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kabla ya kumvisha: ziba valvu ya ndani kwa kidole mpaka utune. Akivuta pumzi ukanywea wote, ongeza. Barakoa ya kawaida nayo isishuke chini ya lita 5. Ukitaka kuokoa oksijeni, mhamishie kanula, lita 1 hadi 4. Mita husomwa katikati ya kitufe kinachoelea, mita ikiwa wima. Ikilala husema uongo.

SWALI: Mama amekutwa amezimia chumbani, jiko la mkaa linawaka, madirisha yamefungwa. Oksimita ilisoma 98, tukaambiwa hana shida ya hewa. Isitoshe ana piko vidoleni, je, kipimo ni cha kuaminika? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole sana. Kwa moshi wa mkaa, 98 hiyo haina thamani. Oksimita ya kawaida haitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa na kaboni monoksaidi; zote inaziona nyekundu. Mtu aliyekutwa hivyo hupewa barakoa ya mfuko kwa lita 15 mara moja, kipimo kisome kitakavyosoma, huku damu ikipimwa.

Piko na hina nyeusi huzuia mwanga, kama rangi ya kucha. Bana ndewe ya sikio kwa kibanio cha sikio, au tumia kidole kisichopakwa. Vidole vya baridi visuguliwe kwanza.

Kuna jingine linalotuhusu zaidi: ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulitazama vipimo vya 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88 katika damu ya ateri, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo 92 kwenye kidole cha mgonjwa anayehema mara 34 kwa dakika isikutulize. Mhesabu pumzi dakika nzima, tazama kama anamaliza sentensi.

SWALI: Mgonjwa wa mshtuko wa moyo mwenye 96 apewe oksijeni? (Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

JIBU: La. Jaribio la Sweden la 2017, lenye wagonjwa 6,629 waliokuwa na 90 au zaidi, liliwapa nusu yao lita 6 kwa dakika. Baada ya mwaka mmoja vifo havikutofautiana. Mpe aspirini, mpime ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na oksijeni umsubirishie mpaka ashuke chini ya 90.