Jibu: Kapasita za pawasaplai ya BBC Micro

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza kama BBC Micro yako, kompyuta ya miaka ya 1980, iliyotoa moshi mzito wenye harufu kali huku ikiendelea kufanya kazi, inahitaji kubadilishiwa kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme) zote za pawasaplai, yaani sehemu inayoipa umeme, au ile iliyoungua tu. Moshi wa namna hiyo kwa kawaida hutoka kwenye kapasita za karatasi za chapa ya RIFA zinazochuja umeme wa ukutani, ambazo ganda lake la manjano hupata nyufa nyembamba, unyevu ukaingia, na hatimaye karatasi ya ndani ikaungua. Ziondoe zote, hata ambayo haijapasuka, na uweke za filamu zenye alama ya X2 (daraja la usalama la kapasita za umeme wa ukutani) na thamani ileile. Kapasita ya kawaida haifai mahali hapo, hata muuza spea akikuapia.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya, kisha pima kwa mita kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa, kwani huweza kubaki na volti zaidi ya 300. Iondolee chaji kupitia rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme), wala usiishoti, yaani usiunganishe miguu yake moja kwa moja, kwa bisibisi. Kapasita za elektroliti (zile za umbo la kopo) zilizovimba au kuvuja zibadilishwe pia, na zinazoingia ziwe za kuhimili nyuzi joto 105, zenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) zilezile na volti zisizopungua za awali. Mstari ubavuni huonyesha mguu wa hasi. Huku Kigoma mafundi huchomoa kapasita kwenye televisheni mbovu, lakini mimi nisingeziamini: zimezeeka vilevile.