Re: Gari la kwanza la dogo wa miaka 18, bajeti milioni 9
Mkuu, kama dogo ndo kwanza ana 18 na leseni bado ya moto, achana na hiyo Toyota Crown anayoililia, injini kubwa ya cc 2500 halafu inasukuma kwa tairi za nyuma, mvua ya Dar ikishuka inateleza kirahisi, hutolala. Kuagiza Japan nako sahau, kwa hiyo hela utapata gari iliyozidi miaka 10 na TRA (mamlaka ya mapato) watakupiga ushuru wa uchakavu juu ya kodi zingine. Tafuta Toyota ndogo, Vitz au IST, ya hapa hapa iliyotunzwa, IST chukua ya cc 1300, spea Kariakoo zimejaa na fundi yeyote anaijua. Siku ya kukagua mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, usikilize ikiwaka injini ikiwa ya baridi, afu chomoa stiki ya oili ya gia uinuse, ikiwa nyeusi na inanukia kuungua ondoka hata kama bodi inang'aa (wengi wanapiga rangi tu hao). Cheki na madeni ya faini kwa namba ya gari. Hela usimalize yote kwenye gari, bakiza ya bima kubwa (ile inayolipa hata uharibifu wa gari lako mwenyewe), maana kuparuza ataparuza tu.