Mhandisi anayeitamani MBA ya nje: GPA siyo ninachouliza kwanza

Wadogo zangu wahandisi mnaotaka MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, mkinifuata hapa Njiro, Arusha, swali huwa ni lile lile: "Kaka, nina 3.9 ya Mlimani na miaka minne kazini. Harvard nitapata?" Nami huuliza: umewahi kumfanya mtu abadili msimamo wake kuhusu hela? Wengi hukaa kimya.

Hiyo 3.9 yenyewe, yaani GPA au wastani wa alama za chuo, tuielewe. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kati ya 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Wamarekani wanahesabu kati ya 4. Usijigeuzie mwenyewe, andika 3.9 kati ya 5, basi.

GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, ya sasa ilianza mwishoni mwa 2023: hesabu, lugha na uchambuzi wa data, dakika 45 kila sehemu, alama kutoka 205 hadi 805. Usijipime kwa alama za kaka zako, maana 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Matokeo yanadumu miaka 5, kwa hiyo fanya mapema kabla majukumu hayajakubana. Hesabu utaziweza, lakini na mhandisi wa Mumbai anaziweza. Sisi tunapotezea kwenye lugha.

Sasa insha. Mwaka wangu wa kwanza kuomba niliandika kuhusu pampu ya kisima tuliyofunga chini ya Mlima Meru. Kina, kilowati, lita kwa saa, vyote nilivimwaga. Nilikataliwa bila hata kuitwa kwenye usaili, na walikuwa na haki: ile ilikuwa ripoti ya site.

Mwaka uliofuata pampu ilikuwa ile ile, ila niliandika kilichotokea baada ya kuifunga. Kamati ya maji ilikataa ndoo ipande kutoka shilingi 20 hadi 50, na umeme ukawa haulipiki. Jioni tatu nilikaa na mwenyekiti, mama muuza mboga, tukapitia daftari lake la makusanyo. Jioni ya tatu alichukua kalamu, akapiga hesabu ya LUKU mwenyewe, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe tunajiibia." Mkutanoni aliongea yeye, mimi nikakaa nyuma. Safari hiyo niliitwa.

Barua za mapendekezo ndizo zinazotuangusha kimya kimya. Mabosi wetu huandika kama barua ya serikali ya mtaa: "ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu." Haisaidii. Mwache kando mkurugenzi asiyekujua hata jina. Mtafute aliyekusimamia kila siku, umkumbushe matukio mawili matatu, pamoja na lile mlilogombana. Kuandika aandike yeye.

Na shule hazifanani. Marekani nyingi ni miaka miwili. INSEAD, yenye kampasi Ufaransa na Singapore, ni miezi 10. Kama lengo lako ni kupanda cheo hapa hapa nyumbani, ESAMI, chuo cha menejimenti, iko mtaa huu huu wa Njiro, wala si aibu.

Yule wa 3.9 alirudi wiki iliyopita. Kumbe aliwahi kumzuia bosi wake asinunue jenereta mbili, akaikarabati ya zamani pamoja na mafundi wa Unga Limited. Hakuona kama ni habari ya kuandika! Awamu ya kwanza ya maombi Harvard hufungwa Septemba. Nimemwambia aende kwa bosi huyo Jumatatu.