Kocha, mchukue kijana huyo, lakini wabane wakubwa wako kwanza

Wiki jana kocha wa chuo kimoja cha ufundi upande wa Kakamega aliniandikia. Amepata winga anayetumia mguu wa kushoto, mwepesi, mwenye chenga za kuwaketisha mabeki. Tatizo ni kwamba kijana huyo alifukuzwa sekondari kwa kumpiga refa, na mtaani anajulikana kwa bangi. Ananiuliza: nimchukue au nimwache?

Mchukue. Nasema hivyo bila kusita, ingawa kuna sehemu ya habari hii inayoniuma hadi leo.

Nilipokuwa nikifundisha timu ya chuo kimoja hapa Kisumu, nililetewa kijana wa Nyalenda wa aina hiyo hiyo. Alikuja mazoezini amevaa njumu moja ya kijani na nyingine nyeusi, vidole vya mkono wa kulia vimevimba kwa ngumi za usiku uliopita. Akapewa pasi, akautuliza mpira kifuani, akageuka na kuupiga chini chini kwenye kona ambayo kipa wetu hata hakuitazama. Kila kocha anayenisoma anajua moyo unavyodunda hapo. Unaliona kombe, unamwona mtoto wako akiitwa na klabu ya Gor Mahia, halafu na timu ya taifa, Harambee Stars.

Sikumsajili siku hiyo. Nilienda kwao kwanza. Nyanya yake, muuza omena, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwalimu, mpira anaujua tangu utotoni. Mimi natafuta mtu wa kumuuliza jana alilala wapi." Niliondoka pale nikijua kazi yangu ni ipi.

Masharti tuliyaweka mbele ya nahodha. Asiyeingia karakana haingii uwanjani. Kila Alhamisi nilipitia daftari la mahudhurio la mwalimu wake wa uchomeleaji, na bwenini akapewa kitanda jirani na cha nahodha. Hilo la nahodha usilipuuze. Wachezaji ndio watakaokula naye na kulala naye, na akioneshwa kadi nyekundu ndio watakaobaki kumi uwanjani. Ukiwaletea mtukutu bila kuwashirikisha, watamchukia yeye na wewe pia.

Wiki ya nusu fainali akatoroka karakana. Nilimwacha nje, hata benchi hakukaa. Tukatolewa kwa penalti. Naibu mkuu wa chuo alinifokea mbele ya vijana, akasema chuo hakilishi timu ili ifundishwe adabu. Jumatatu asubuhi, aliyekuwa wa kwanza mlangoni pa karakana ni yule kijana, miwani ya kuchomelea mkononi. Uamuzi ule ningeufanya tena kesho, hata ingekuwa fainali.

Msimu uliofuata alifunga karibu kila mechi, tukabeba kombe, na wakubwa wale wale wakapanga mstari kupiga picha naye. Bangi aliiacha kwa shida, akirudi nyuma na kuanza tena, lakini aliiacha.

Kisha kano ya goti ikakatika. Muhula uliofuata, karo aliyokuwa akilipiwa kwa sababu ya mpira ikasimamishwa, na akatolewa bwenini. Hakuwa amempiga mtu, hakuwa amekunywa wala kuvuta chochote. Kosa lake ni kwamba hafungi tena mabao. Nilizunguka ofisi zote, nikaambiwa bajeti ni bajeti. Walimu wachache tulichangishana mpaka akafanya mtihani wake. Leo anachomelea mageti na madirisha Mamboleo na anajitegemea. Lakini hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Watu hupenda kunitajia Eric Cantona, yule mshambuliaji Mfaransa wa Manchester United. Ni kweli, Januari 1995 alimrukia shabiki teke uwanjani Selhurst Park, akafungiwa miezi minane, na mahakama ikampa saa 120 za kazi ya jamii, ambazo alizitumia kufundisha watoto soka. Mwaka 1996 Manchester United ikatwaa ligi na Kombe la FA, na wasimuliaji wengi hukomea hapo kwenye makombe. Mimi naitazama Agosti 1995. Cantona alitaka kuondoka, kocha wake Alex Ferguson akasafiri hadi Paris kumshawishi abaki. Wakati huo hakuwa na ruhusa ya kucheza, hakuwa na bao lolote la kumpa kocha wake.

Makocha wenzangu, vijana hawa tunawaita watukutu, lakini wengi wamezoea kutafutwa wanapohitajika na kusahaulika wakishatumika. Chuo kinachotaka miguu yao tu kisiwaguse. Kinawaongezea kidonda juu ya kidonda.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kakamega, kabla hujampa jezi ingia ofisini kwa mkuu wa chuo umuulize: akiumia, karo yake italipwa mpaka amalize kozi? Jibu liandikwe, litiwe sahihi na muhuri, nakala apewe mzazi. Wakikataa kuandika, mweleze kijana ukweli, umsaidie kupata chuo kingine, hata kama ndicho mtakachokutana nacho fainali. Wakikubali, kabla ya mechi yake ya kwanza mpeleke kwa yule refa aliyempiga, akamwombe msamaha ana kwa ana. Marefa wa huko ni wale wale, watakutana tena.