Panga Upya Vitufe vya Kusomea Nyaraka, na Uanze na Kile cha Kurudi Ulikotoka

Kazi yangu katika ofisi moja ya mawakili hapa Kisumu ni kusoma hukumu na kuandaa muhtasari wake kabla kesi haijatajwa mahakamani. Hukumu hizo hupatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na asomaye nyaraka za aina hiyo hawezi kuanza ukurasa wa kwanza akateremka moja kwa moja hadi wa mwisho. Aya moja humpeleka kwenye kifungu cha sheria, kifungu humpeleka kwenye kingine, kisha hana budi kurejea pale pale alipokuwa. Hata Katiba ya 2010 yenyewe inataka kusomwa hivyo. Ukifika Ibara ya 31, inayolinda faragha, ni lazima uende Ibara ya 24, inayoeleza masharti ya kuwekea haki mipaka, halafu urudi.

Kwenda si tatizo, kwa sababu utaandika nambari ya ukurasa au utatafuta neno. Kurudi ndiko kunakochosha, hasa kwa mtu anayekokota ukurasa kwa kipanya huku akijaribu kukumbuka alikuwa wapi. Akifika, hoja aliyokuwa akiifuata imekwisha kumtoka akilini. Programu nzuri za kusomea nyaraka zina amri ya kukurudisha ulikotoka, lakini watu wengi ninaofanya nao kazi hawakuwa wakiifahamu. Katika Adobe Acrobat Reader na SumatraPDF, hubonyezwa Alt pamoja na mshale wa kushoto. Katika Okular, huongezwa Shift, vikawa vitufe vitatu.

Sasa tazama mikono yako. Mishale imewekwa upande wa kulia wa kibodi, na mkono wa kulia, kwa wengi wetu, ndio ulioshika kalamu juu ya daftari. Kila unapotaka kurudi unaweka kalamu chini, unabonyeza, unaiokota tena. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ambao ningeutoa hata kama ningeruhusiwa mmoja tu, ni kuihamishia amri ya kurudi kwenye vitufe ambavyo mkono wa kushoto unaweza kuvifikia peke yake. Mimi nimechagua Ctrl pamoja na E. Anayeandika kwa mkono wa kushoto apange kinyume chake, maana pengine mishale ile ile inamfaa kama ilivyo.

Okular, programu ya bure ya jumuiya ya KDE inayofanya kazi kwenye Linux na Windows, ndiyo iliyonirahisishia jambo hili kuliko zote. Fungua menyu ya mipangilio, uingie katika sehemu ya mikato ya kibodi, nawe utaona orodha ya amri zote pamoja na vitufe vyake. Chagua amri, kisha bonyeza vitufe unavyovitaka. Ikiwa vina kazi nyingine tayari, programu itakuonya na kukuuliza kama ungependa kuvihamisha. Onyo hilo lisome kwa makini. Ctrl pamoja na B, kwa mfano, huweka alamisho kwenye ukurasa, na msomaji wa nyaraka ndefu anaihitaji alamisho hiyo; kuifuta ili kupata nafasi ya jambo jingine ni hasara.

SumatraPDF, ambayo ni ya Windows pekee, haina dirisha kama hilo la kupangia vitufe. Mipangilio yake imo katika faili ya maandishi inayoitwa SumatraPDF-settings.txt, ambayo hufunguliwa kupitia mipangilio ya ziada kwenye menyu. Tafuta sehemu ya Shortcuts, uandike hivi:

Shortcuts [
  [
    Cmd = CmdNavigateBack
    Key = Ctrl + E
  ]
]

Hifadhi faili, na kazi imekwisha. Anayeogopa kugusa faili ya namna hii atengeneze nakala yake kwanza.

Nasisitiza pia kwamba vitufe viwe vile vile katika kila programu unayoitumia. Vidole hujifunza polepole, na vikishazoea havipendi kuulizwa tuko katika programu gani leo. Kwa sababu hiyo hiyo nashauri ubadilishe amri chache, zile ambazo mkono wako unazirudia kila saa, na uziache zilizobaki. Ctrl pamoja na F kwa kutafuta neno, na, katika Okular na SumatraPDF, Ctrl pamoja na G kwa kwenda ukurasa fulani, tayari ziko upande wa kushoto. Hakuna sababu ya kuzigusa. Acrobat Reader haikupi nafasi ya kupanga upya vitufe vyake, na kwa kazi ya kusoma kwa muda mrefu naiona hiyo kuwa sababu tosha ya kutafuta programu nyingine. Anayetumia Mac anaweza kuipa amri yoyote iliyo kwenye menyu ya Preview vitufe vyake kupitia mipangilio ya kibodi ya mfumo wenyewe, ila ni sharti aandike jina la amri kama lilivyo kwenye menyu, herufi kwa herufi.

Kama kompyuta inatumiwa pia na mtu asiyeona anayesomewa na NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, jihadhari zaidi. NVDA hutumia Insert au Caps Lock kama kitufe chake kikuu, na katika kuperuzi nyaraka hutumia herufi moja moja kuruka kutoka kichwa hadi kichwa au kiungo hadi kiungo. Programu hiyo nayo inaruhusu amri zake kupangwa upya, na mwenye haki ya kwanza ya kuchagua vitufe katika mashine hiyo ni yeye. Wewe unayeona una kipanya. Yeye kibodi ndiyo njia yake yote.

Kwa wanafunzi wa Maseno au Kakamega wanaosomea kwenye saiba, ambako mipangilio haiwezi kudumu katika kompyuta ya watu, SumatraPDF ina toleo lisilohitaji kusakinishwa. Liweke kwenye fleshi, nayo faili ya mipangilio itakaa kando yake humo humo, kwa hiyo vitufe ulivyovipanga utavikuta katika kila mashine utakayoiketia. Mwombe mhudumu ruhusa kabla ya kuichomeka, kwa kuwa baadhi ya saiba huzuia programu za nje kwa kuogopa virusi.