Maswali Yenu: Tisa Mezani, Wanne Hawajaunganishwa

Barua za mwezi huu zimetoka Utah, kwa familia za Waswahili walio waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi bado huliita la Wamormoni. Wote wanalea watoto wa kuasili, na si mmoja wala wawili. Kuunganishwa kunakotajwa hapa ni ibada ya hekaluni ambayo, kwa imani yao, huwafanya wazazi na watoto kuwa familia moja milele.

*Nina watoto watano wa kuzaa. Mwaka jana mahakama ilitukabidhi ulezi wa ndugu wanne, mkubwa ana miaka 13, kitindamimba ana 3. Mume wangu anataka tuunganishwe nao hekaluni kabla ya Krismasi. Tuanzie wapi? – Mama wa tisa, West Valley City*

Dada, anzieni mahakamani. Hati ya ulezi haitoshi. Hekalu linataka nakala ya amri ya mwisho ya kuasili, na bila hiyo askofu hata akiwapenda vipi hana la kufanya. Kwa sheria ya Utah, kwa kawaida mtoto awe ameishi nanyi miezi 6 kabla ya amri hiyo, na aliyepita miaka 12 lazima aridhie mwenyewe. Kwa hiyo mkubwa wenu ataulizwa. Msimfundishe la kujibu.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi huligundua limeshapita. Kama watoto wametoka kwenye malezi ya serikali, mkataba wa msaada wa kuasili, yaani ile posho ya kila mwezi na Medicaid, bima ya afya ya serikali, hutiwa saini kabla hakimu hajatoa amri. Baada ya hapo kuupata ni kazi kubwa. Watoto wanne wakihitaji meno na mshauri wa kisaikolojia, mtaona pengo lake mwezi wa kwanza.

Upande wa Kanisa, ulizeni kwanza kama kati ya hao wanne yupo aliyezaliwa katika agano, yaani na wazazi waliokwisha kuunganishwa hekaluni, au aliyekwisha kuunganishwa na wazazi wengine. Huyo haunganishwi upya ila kwa idhini ya Urais wa Kwanza, yaani rais wa Kanisa na washauri wake. Kama hakuna, hamhitaji hata kuwataja wazazi waliowazaa. Aliyefika miaka 8 awe amebatizwa na kuthibitishwa, naye huhitaji kibali cha hekaluni; mvulana wa miaka 13 awe pia amepokea ukuhani. Anayebatizwa akiwa na miaka 9 au zaidi huhesabiwa mwongofu, hivyo hufundishwa na wamisionari.

Hapo ndipo Krismasi inapoleta shida. Mtoto wa miaka 13 aliyehamishwa nyumba baada ya nyumba atakubali ubatizo ili tu asirudishwe. Mwambieni waziwazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba atabaki kuwa mtoto wenu abatizwe asibatizwe. Akihitaji mwaka, apewe mwaka. Wadogo wanaweza kutangulia, lakini sisi tungewasubiri waende wote wanne pamoja.

Siku yenyewe, wazazi huingia kwanza na watoto hubaki kwenye chumba chao na wahudumu hadi waitwe. Kwa kitindamimba wenu, kuachwa na watu asiowajua, wote wamevaa nyeupe, ni kama ile siku aliyochukuliwa kwao. Pigeni simu hekaluni mapema, ombeni akae na dada au kaka yake muda wote, na mchukueni na kile kitambaa au mwanasesere anayelala naye.

*Binti yetu wa miaka 7 anaficha mkate chini ya mto. Jumapili ya mfungo alilia hadi akatapika. Tumkemee? – Baba, Salt Lake City*

Hapana, kaka. Mtoto aliyelala njaa hajui kwamba chakula kitarudi. Mfungo wa milo miwili ni wa anayeweza na anayetaka. Mtoto huyu msimfungishe kabisa, na wala msimlishe kwa kujificha kana kwamba anatenda kosa. Awe na kifungua kinywa chake mezani, na ndugu zake waambiwe kwa nini.

Kuhusu mkate, mpeni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, maana panya na sisimizi hawachelewi, liandikwe jina lake. Ndani wekeni biskuti, tufaha, karanga. Lijazeni kila jioni yeye akiwa anaona, na msihesabu alichokula. Wazazi wengi hukosea kwa kuliondoa boksi mara tu mambo yanapotulia. Subirini hadi yeye mwenyewe alisahau, na hiyo huweza kuchukua miezi mingi.

Ile akiba ya chakula ambayo Kanisa limehimiza siku zote nayo husaidia kuliko maneno. Kipimo cha mtu mzima kwa mwezi ni kama kilo 11.5 za nafaka na 2.5 za maharage. Kwa nyumba kama ya yule mama wa tisa, wazazi wawili na watoto tisa, ukimhesabu kila mtoto nusu, ni takriban kilo 75 na kilo 16. Mpelekeni stoo, ashike magunia, awe yeye anayepanga makopo. Na kwenye sakramenti akichota vipande vitano vya mkate badala ya kimoja, mwacheni. Mtazungumza nyumbani.

*Watoto wametoka Kongo juzi, wanalilia chai. – Mama, Ogden*

Neno la Hekima, sheria ya afya ya Kanisa, linakataza majani ya chai, halikatazi kikombe cha moto asubuhi. Chemsha maziwa na tangawizi au mchaichai, tia sukari yao ileile, na kikombe kiwe kikubwa.

*Tumeasili wavulana watatu weusi; mume wangu ni mzungu. Wa miaka 11 ameambiwa na mwenzake wa Msingi, darasa la watoto kanisani, kwamba zamani weusi "walilaaniwa". – Mama, Provo*

Mwambie yote, tena wewe na baba yake pamoja, faraghani. Jioni ya familia, ule mkutano wa nyumbani wa kila wiki, mbele ya wote si mahali pake. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa katika ukuhani mwaka 1836. Mwaka 1852 Brigham Young, rais wa Kanisa wakati huo, alitangaza hadharani kwamba weusi hawatapewa ukuhani, na katazo hilo likadumu hadi Juni 1978. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayoyakana mafundisho ya kwamba ngozi nyeusi ni laana. Akikasirika, ana haki. Msimharakishie jibu la faraja. Kisha nendeni kwa mwalimu wa darasa wiki hiyohiyo, maana Januari ya mwaka anaotimiza miaka 12 ataweza kutawazwa shemasi, ngazi ya kwanza ya ukuhani, na asifike siku hiyo na swali hili kooni.

*Baraka za patriaki zimemtaja binti yetu kabila la Manase, sisi ni Efraimu. Je, si wetu? – Wazazi, West Valley City*

Ni wenu. Katika baraka hizo, ambazo mzee maalumu wa Kanisa humpa muumini, hutajwa kabila la Israeli analohesabiwa, na hata ndugu wa tumbo moja hutajiwa makabila tofauti. Na kwenye mti wa ukoo wa FamilySearch, tovuti ya nasaba ya Kanisa, msifute wazazi waliomzaa. Programu inakubali jozi mbili za wazazi: wawekeni wote, kila uhusiano uandikwe ulivyo, wa kuzaa na wa kuasili, kisha mwacheni binti achague ni upande upi uonekane kwanza.