Kabla hujaandika kwamba mzee anasahau

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpima mzee mmoja kumbukumbu. Nilitumia MMSE (Mini-Mental State Examination), kipimo kifupi cha kumbukumbu na fikra kilichochapishwa mwaka 1975, chenye alama 30. Kuna sehemu unamtajia mtu maneno matatu, anayarudia papo hapo, kisha baada ya dakika chache unamwuliza tena. Nikamtajia: saa, kisu, fimbo. Akarudia: taa, kitu, shimo. Nikaweka sifuri, nikaendelea. Nilipomwuliza mara ya pili akayataja yote bila kusita: taa, kitu, shimo. Nikaweka sifuri nyingine.

Msimamizi wangu alipoisoma ile karatasi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Huyu mzee kumbukumbu yake ni safi. Wewe umepima masikio ukaandika ubongo."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kusoma saikolojia ya uzee, au mliopangiwa kazi na wazee bila hata kuulizwa, kwa sababu kosa hili bado naliona likirudiwa na watu wenye vyeti vizuri kuliko vyangu. Tuna haraka ya kuita jambo uzee kabla hatujajua ni nini.

Tuanze na hayo masikio. Usikivu wa uzeeni haupungui sawasawa. Sauti nyembamba za juu hutangulia kupotea, na konsonanti kama s, f na t ziko huko huko juu. Irabu hubaki. Rudini kwenye maneno ya yule mzee: irabu zote zilimfikia salama, konsonanti akazikisia mwenyewe. Na ukipiga kelele, sauti yako inapanda, yaani unaipeleka kule kule asikokusikia. Shusha sauti, usiikaze. Kaa mbele yake, mwanga uangukie uso wako. Mimi siku ile nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo, kwa hiyo hata midomo yangu hakuiona. Zima redio. Uliza kama ana miwani au kifaa cha kusikia, kisha uliza viko wapi. Mara nyingi viko kwenye droo.

Baada ya masikio ni muda. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha aina mbili za akili: ile ya kufumbua jambo jipya upesi, na ile ya maarifa yaliyojikusanya kwa miaka. Ya kwanza hupungua mapema. Ya pili, msamiati ukiwemo, hudumu kwa muda mrefu, na wengi huendelea kuiongeza hata wakiwa na miaka sitini. Ukiuliza swali kisha ukalijibu mwenyewe baada ya sekunde tatu, umepima ile ya kwanza peke yake. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Siku za mwanzo utafika nne tu, ulimi unawasha.

Kwa mnaosoma: mkiona grafu inayoonyesha akili ikiporomoka kuanzia miaka thelathini, ulizeni kwanza ilichorwaje. Ukiwapima leo watu wa miaka 25 na wa miaka 75 ukawalinganisha, umelinganisha pia shule walizosoma, chakula walichokula utotoni na mazoea yao ya kufanya mitihani. Mwanasaikolojia K. Warner Schaie alianza utafiti wake Seattle, Marekani, mwaka 1956 na akawa anawarudia watu wale wale kila baada ya miaka saba. Picha ikabadilika: kwa uwezo mwingi, kushuka hakukujitokeza wazi kabla ya takriban miaka 60, na tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno. Mtihani wenu utauliza tofauti ya njia hizi mbili. Msizikariri tu, kwa sababu kazini ndizo zitakazowazuia kumhukumu mtu kwa umri wake.

Sasa mambo matatu ambayo wageni katika kazi hii huyachanganya, na hapa naomba mtulie. Demenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja polepole, kwa miezi na miaka, na mara nyingi mwenyewe huificha: ukimwuliza asichokijua anatania, anamgeukia mwanawe ajibu. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mzee si lazima iwe machozi. Huweza kuwa uchovu, maumivu yasiyoeleweka, kukosa hamu, na "sijui" inayotolewa kabla hata swali halijaisha. Anaweza kuonekana amepoteza akili, kumbe amechoka kuishi. Sonona hutibika, na si sehemu ya lazima ya uzee. Anayesema "kwa umri wake ni kawaida kuhuzunika" asikilizwe kwa tahadhari. Ya tatu ni deliriamu, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Jana alikuwa sawa, leo anaona wadudu ukutani, au anasinzia katikati ya neno, na hali inapanda na kushuka siku nzima. Hiyo ni dharura ya kitabibu. Chanzo kinaweza kuwa maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya. Swali linalotenganisha haya ni dogo, na huulizwa watu wa nyumbani: imeanza lini hasa?

Marafiki kupungua si ugonjwa wa moja kwa moja. Mwanasaikolojia Laura Carstensen alionyesha kwamba mtu akiona muda uliobaki ni mfupi, huchuja watu na kubaki na wale wa moyoni. Vijana wenye maradhi ya kutishia maisha nao hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo sababu si miaka. Msimkokote kila mzee kwenye shughuli za pamoja. Mwulize kwanza kama yu mpweke, maana kuwa peke yake ni jambo jingine.

Na tafadhali, msiongee naye kama mtoto mchanga. Wala msimwulize binti yake "Bibi ameamkaje?" wakati bibi amekaa hapo hapo, anawatazama. Bibi mmoja aliwahi kunijibu yeye: "Mwambie bibi ameamka na masikio yake."

Lililonichukua miaka mingi zaidi kulielewa ni visa vinavyorudiwa. Daktari wa magonjwa ya akili Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya uzeeni, wala si dalili ya kuchakaa. Nilikuwa nimeyasoma hayo na bado nilikuwa nachoka. Mama mmoja mzee alinisimulia mara kwa mara siku dada yake alipoondoka bila kuagana, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Maneno yale yale, mkono ule ule ukipangusa goti. Mara ya nne ndipo akasema ufunguo alikuwa nao yeye. Alikuwa amekasirika, hakufungua.

Mara ya pili na ya tatu nusura nimkatize kwa "hiyo ulishaniambia, mama." Siku hizi kisa kikirudi, naandika tarehe na neno lililobadilika.